Naombeni ushauri: kijani kinabaki mashavuni, kitenge nacho kinatoboka

MamaPicha_Moro: Wakuu, habari za jioni. Nina studio ndogo Morogoro, chumba cha mita 4 kwa 3. Msimu wa mahafali unakaribia, wateja wanataka Mlima Kilimanjaro au ufukwe wa Zanzibar nyuma yao. Nimetundika kitambaa cha kijani ukutani na nina taa tatu. Nikishaondoa kijani kwenye kompyuta ili niweke picha hiyo, rangi inabaki kwenye taya na mabega, na rasta zinaonekana kama zimekatwa kwa mkasi. Juzi dada mmoja alivaa kitenge cha majani ya kijani, mlima ukatokea katikati ya gauni lake. Ninunue kitambaa cha bluu? Naomba kuwasilisha.

FundiTaa: Pole dada. Mteja anasimama umbali gani kutoka kwenye kitambaa?

MamaPicha_Moro: Kama nusu mita. Nikimsogeza mbele, kamera haimpati mwili mzima.

FundiTaa: Basi tatizo lako kubwa ni hilo. Kitambaa kikimulikwa, chenyewe kinarudisha mwanga wa kijani, na aliye karibu unampata shingoni na mabegani. Msogeze angalau mita moja na nusu. Kwa chumba hicho achana na mwili mzima, piga nusu mwili. Halafu chukua kitambaa cheusi ufunike kijani chote kisichoingia kwenye picha, kushoto, kulia na chini. Kwenye vyumba vidogo hii inasaidia kuliko kununua taa nyingine.

Taa mbili ziwe za kitambaa tu, moja kila upande, ya tatu ya mteja. Usichanganye balbu ya njano na nyeupe. Na kitambaa kipigwe pasi, kivutwe kwa vibanio mpaka kinyooke, maana kila mkunjo una kivuli chake na programu inakiona kivuli hicho kama kijani kingine.

JichoLaPili: Naunga mkono. Weka kamera ipime mwanga wa nukta moja tu, siyo wa picha nzima, upime kona zote nne na katikati ya kitambaa. Tofauti ikizidi nusu stopu (kipimo cha mwanga; stopu moja ni mwanga maradufu au nusu), hamisha taa. Kitambaa kiwe na mwanga sawa na mteja au chini yake kidogo. Kikimulikwa sana kinapauka, na kilichopauka hakitoki vizuri. Pia mpake mteja poda. Uso wenye jasho au mafuta unaakisi kijani hata akisimama mbali.

BintiTanga: Kuhusu bluu: inategemea nguo. Kitenge cha kijani, tumia bluu. Joho au sare ya bluu, rudi kwenye kijani. Mimi ningeweka vyote viwili, na mteja akipiga simu kuweka nafasi namuuliza atavaa nini.

Kwa siku za kawaida anza na kijani. Kamera nyingi za dijitali, katika kila vihisi 4, viwili ni vya kijani, kimoja chekundu na kimoja bluu, kwa hiyo kijani kinakuwa na chengachenga (vitone vya uchafu kwenye picha) chache. Bluu inataka mwanga zaidi. Za rasta sasa: piga faili ghafi (RAW, picha ambayo kamera haijaichakata), siyo JPEG, ile picha ya kawaida iliyobanwa. JPEG mara nyingi inapunguza taarifa za rangi, na pembezoni mwa nywele ndipo unapoona hasara hiyo.

MamaPicha_Moro: Asanteni sana. Nimemsogeza mdogo wangu, nimefunika pembeni kwa nyeusi, na shingo imetoka safi kabisa! Ila mbele ya mlima bado anaonekana kama amebandikwa.

FundiTaa: Angalia jua kwenye picha ya mlima linatoka upande gani, taa ya mteja ikae upande huohuo. Kama ni jua la jioni, mwanga wake uwe wa njano kidogo. Na kama mlima ulipigwa kamera ikiwa usawa wa kifua, yako nayo iwe kifuani.