Tupeane uzoefu: chakula cha kila siku nyumbani kwenu Kigoma kimebadilikaje tangu enzi za bibi?

Mwana Ujiji (mwanzisha mada)
Wana Kigoma wenzangu, mliopo nyumbani na mliotawanyika, habari zenu. Siulizii chakula cha harusi, naulizia kile cha Jumanne jioni.

Naanza mimi. Kwetu Ujiji ilikuwa ugali wa muhogo kwa dagaa au mgebuka, yule samaki wa ziwani kwetu. Wali tuliuona Idd, au akija mgeni. Babu alikula barazani na wanaume, sinia moja. Bibi, mama na sisi wadogo tulikuwa uani. Mkubwa ananawa kwanza, kila mtu anamega upande wake, na kitoweo hakiguswi mapema. Ukinyoosha mkono kwenye samaki unatazamwa tu, unaurudisha mwenyewe.

Leo kwangu wali unapikwa karibu kila siku na kila mtoto ana sahani yake. Dagaa ndio wamekuwa wa kupigia hesabu, maana wanunuzi wa Dar na wa Kongo wanawahi mwaloni, samaki wanakoshushwa, kabla yetu. Hilo linaniuma kweli. Nyie kwenu?

Binti wa Kibirizi
Baba alikuwa mvuvi, enzi za karabai. Usiku wa giza wanaingia ziwani, mbalamwezi ikiwaka wanapumzika. Akirudi alfajiri mboga ya nyumbani inatengwa kwanza, ndipo biashara.

Zamani dagaa walianikwa mchangani. Bibi aliwaosha kwa maji ya moto, anawapepeta kwa vidole, anamwaga, anarudia, na bado ukitafuna unasikia chembe za mchanga kwenye meno. Siku hizi wengi wanaanika kwenye chanja, dagaa anatoka safi anang'aa. Usafi huohuo ndio unaomsafirisha mbali, na bei inapanda naye.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa, uvuvi ukasimama kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana, tulikula maharage mpaka watoto wakawa wanauliza ziwa linafunguliwa lini. Mama alishangaa kuona nyumba ya mvuvi inanunua mboga sokoni. Mimi niliunga mkono na bado naunga mkono. Samaki wamepungua, tusidanganyane.

Mama wa Kasulu
Kwetu milimani samaki hakuwa wa kila siku. Sisi ni maharage, ndizi, muhogo na sombe. Bibi alitwanga majani ya muhogo kwenye kinu, akayachemsha muda mrefu sufuria ikiwa wazi ili sumu itoke, ndipo anatia mawese. Sasa sombe napeleka mashineni, inarudi imesagika laini. Mikono imepumzika, nashukuru.

Ninachosikitikia ni mawese. Wanangu wanasema yanachafua nguo na yana harufu, wanataka mafuta meupe ya dukani. Ule wekundu wanaoukimbia ndio unaoupa mwili vitamini A! Na hapahapa mkoani kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga kinachozalisha miche ya michikichi aina ya Tenera, ambayo nyama yake ni nyingi na ganda la ndani ni jembamba kuliko Dura ya wazee wetu. Tutavuna mafuta mengi kuliko babu zetu, halafu nani atayala mezani?

Mjukuu wa Kibondo
Naomba tusisifie zamani yote. Kwenye ukoo wetu bibi hakula mayai wala kuku mpaka uzeeni. Alimfuga, akamchinjisha, akampika, firigisi na paja vikaenda kwa babu, yeye akabaki na mchuzi. Hata alipokuwa mjamzito ilikuwa hivyo. Leo mke wangu na binti zangu wanakula yai bila kumwomba mtu ruhusa. Hayo mabadiliko nayapokea kwa mikono miwili.

Shemeji kutoka Tabora
Nimeoa Kigoma, nisamehewe kuingilia. Kwetu Unyamwezini asubuhi ilikuwa michembe au matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, pamoja na karanga. Sasa ni chai na maandazi. Mama bado ananitumia mfuko kila kiangazi na watoto wanagombania, kwa hiyo kwangu haijafa.

Mwana Mwanga, niko Dar
Nyumbani wananitumia dagaa na unga wa muhogo. Dagaa hawabaki, ila ugali watoto wanausukuma pembeni, wanasema unanata. Nifanyeje, dada zangu?

Binti wa Kibirizi
Kaka, changanya na unga wa mahindi, nusu kwa nusu, ndivyo wengi tunavyofanya hata huku. Ukizoeleka unaongeza muhogo kidogo kidogo. Na usianze na uji kama unavyopika sembe. Maji yachemke, mimina unga, punguza moto, songa haraka kwa nguvu. Ukiuacha jikoni muda mrefu ndio unakuwa gundi. Siku ya kwanza wape na mgebuka wa mawese, si dagaa.

Mwana Mwanga, niko Dar
Asante dada. Mgebuka nitaagiza wiki hii.