Mrejesho: Filamu za bahari kijijini kwetu, Mafia

Wakuu, niliuliza hapa kama filamu za bahari zinaweza kuwashawishi wavuvi wa kijiji chetu kufunga mwamba kwa muda, yaani kutovua hapo, ili pweza wakue. Asanteni sana, hasa mliosema nizime sauti ya Kiingereza na mzee mvuvi apewe kipaza sauti asimulie mwenyewe. Hapo ndipo watu walipotulia.

Kilichowagusa zaidi ni pweza jike pangoni: hutaga mara moja tu maishani, hulinda mayai bila kula, na yakishaanguliwa hufa. Akina mama wanaovua pweza wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, walitaka kipande hicho kirudiwe. Mmoja akauliza, "Kwa hiyo tukimtoa huyo, tumetoa na wanawe wote?" Mjadala ukawaka, ikabidi tusimamishe filamu.

Nikawaeleza pia habari za wavuvi wa kijiji cha Andavadoaka, Madagaska, walioanza kufunga sehemu ya mwamba mwaka 2004. Kamati ya uvuvi imekubali kujaribu miezi mitatu. Bado wanabishana upande upi ufungwe, maana wanawake huvua kwa miguu na hawana vyombo vya kwenda mbali. Kwangu mimi, hoja yao ndiyo nzito kuliko zote.