Tupeane uzoefu: unaitazamaje filamu ya The 36th Chamber of Shaolin (1978) ili ile dini ya Kibudha iliyomo ndani isikupite?

Mleta mada
Wakuu, hii kazi ya mwongozaji Lau Kar-leung wengi wanaisifia kwa mazoezi tu. Steringi ni Gordon Liu, anacheza San Te, kijana anayekimbilia Shaolin, hekalu la watawa wa Kibudha, kutafuta ngumi za kuwarudishia Wamanchu, watawala wa China wakati huo, waliomwulia watu wake. Wanaoijua vizuri waje na sehemu mahususi. "Ni kali sana" haitusaidii.

Mdau wa 2
Anza na chumba cha 35. Hekalu lina vyumba 35 vya mafunzo, na San Te akiambiwa achague pa kuanzia, anataka cha juu kabisa. Anakuta watawa wameketi wanasoma sutra (maandiko ya Kibudha), hakuna anayerusha ngumi, na anatolewa humo bila hata kupigwa. Hapo anarudishwa chini kabisa, akajifunze kuvuka maji kwa kukanyaga magogo yanayoelea, kabla ya kula. Kwa hiyo ngazi zote za ngumi ziko chini ya kile chumba cha sala. Ukiruka sehemu hii ukawahi mapigano, filamu nzima inabaki kisa cha kisasi.

Mdau wa 3
Mimi nasema chumba cha kifundo cha mkono. Mtawa anagonga lile gogo la kuchongwa la kuongozea sala, na San Te ameshika kwa mkono mmoja ufito mrefu wenye uzito nchani, anatakiwa agonge kengele kwa mapigo yaleyale. Mazoezi na ibada vinakwenda pamoja. Akichelewa pigo, kifundo kimeshindwa na sala imeharibika.

Angalieni pia ndoo za maji. Anapanda mteremko mikono imenyooshwa pembeni, visu vimefungwa juu ya viwiko, ncha zinaelekea mbavuni. Mikono ikishuka, anajichoma mwenyewe. Hakuna mwalimu wa kumchapa. Adhabu iko mwilini mwake. Na kwenye chumba cha macho, mshumaa unapita kushoto na kulia huku udi mkubwa unawaka kila upande wa kichwa. Macho yafuate mwanga, kichwa kisigeuke. Ukigeuza unaungua. Hiyo ni tafakuri kabisa, ila imevalishwa nguo za mazoezi.

Mdau wa 4
Suala la kopi, maana wengi wanaharibikiwa hapo. Ilipigwa kwa picha pana sana, na kopi za zamani za kanda zimekatwa pembeni ili zijae kwenye televisheni ya mraba. Matokeo yake silaha inatoka nje ya picha, na kwenye mapambano ya fimbo unaona mtu mmoja tu. Tafuta iliyosafishwa, ya picha pana, kama dakika 115. Ukiona jina Master Killer, ndiyo hiyohiyo, lilitumika Marekani. Kopi zilizosimuliwa kwa Kiswahili ni burudani tosha, lakini msimuliaji anaongea juu ya lile gogo na kengele, na mapigo aliyoyasema mdau wa 3 huyasikii tena. Ya kwanza tazama yenye sauti ya Kichina na maandishi chini.

Mdau wa 5
Fimbo ya vipande vitatu msiisahau. San Te anashindwa na mtawa wa sheria, yaani msimamizi wa nidhamu hekaluni, mwenye visu pacha, anarudi, anashindwa tena. Ushindi haupatikani kwa kuongeza nguvu. Anabuni silaha inayokunjika. Mwongozaji Lau mwenyewe ametoka kwenye mtindo wa ngumi uitwao Hung: baba yake alifundishwa na Lam Sai-wing, mwanafunzi wa Wong Fei-hung, bingwa maarufu wa mtindo huo, ndiyo maana mikao si ya kubabaisha.

Udhaifu upo. San Te akishatoka hekaluni mambo yanakimbizwa, na jenerali wa Kimanchu anakufa kama mtu wa kupita tu.

Mleta mada
Na chumba cha 36 chenyewe?

Mdau wa 2
Anaomba kifunguliwe ili watu wa kawaida wafundishwe, jambo ambalo sheria ya hekalu hairuhusu. Mkuu wa hekalu anamfukuza kama adhabu, akakusanye sadaka nje. Mbele ya watawa sheria imelindwa, na San Te amepata ruhusa bila neno "ndiyo" kutamkwa. Rudieni mtazame uso wa mkuu anapotoa hukumu hiyo.