Naomba ushauri: mibuni ya bibi kihambani

Ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Bibi mzaa baba alitutoka mwaka jana, huko Marangu, Kilimanjaro, akaacha mibuni kwenye kihamba, yaani shamba letu la ukoo la migomba na kahawa. Namkumbuka alfajiri akikata majani ya migomba kuwalisha ng'ombe, kisha samadi akiirudisha kwenye mashina ya kahawa, kikapu kwa kikapu. Na pombe yake ya mbege, ya ndizi na ulezi, jamani!

Sasa baba zangu wadogo wanataka kung'oa ile mibuni mizee wapande parachichi. Roho inaniuma, ndiyo iliyotusomesha. Nasikia mbuni ukikatwa ukabaki kisiki huchipua upya. Aliyewahi kufanya hivyo anielekeze: nikate kimo gani, msimu upi, nibakize machipukizi mangapi? Na wazee niwaendeeje bila kuwavunjia heshima? Nimefikiria kuwapelekea jani la isale, lile la kuombea radhi kwetu Wachagga.