Boksi la spika moja ya inchi 12 ya gitaa: mninga, paini, plaiwudi au MDF?

Solo_Tanga
Wakuu, heshima kwenu. Boksi langu la zamani limeliwa na mchwa chini kote. Spika imepona, Celestion Vintage 30 ya wati 60, omu 8. Ampu ni ya valvu (zile taa za kioo), wati 20. Napiga solo kwenye kwaya, sauti safi tupu, na huku kwetu pwani ukungu wa chumvi haukuachi hata chumbani.

Nataka kuunda lingine mwenyewe: upana sentimita 50, kimo 45, kina 28, mbao za milimita 18. Seremala jirani ana mabaki ya mninga wa milango na ananiachia kwa bei ya udugu. Dukani kuna paini, plaiwudi na MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi), na MDF ndiyo nafuu kuliko zote. Mninga naupenda ila naogopa uzito, maana boksi nabeba mwenyewe. Mngekuwa nyie mngechukua ipi? Na mgongo niuache wazi au niuzibe?

FundiWaKeko
Karibu mkuu. Kwa vipimo vyako mbao zote pamoja na mgongo mzima ni karibu mita za mraba 0.9. Nimepiga hesabu ya boksi tupu, bila spika: paini kavu kama kilo 8, mninga kama 10, plaiwudi ya mbao ngumu 11, MDF 12. Kwa hiyo huo mninga unaouogopa ni mwepesi kuliko MDF inayokuvutia kwa bei.

Kuhusu mchwa, paini wanaipenda mno. Wengi watakwambia chukua ile ya kijani iliyotiwa dawa. Kwa nguzo na paa sawa, kwa boksi la ndani mimi sikushauri. Dawa hiyo mara nyingi ina arseniki na kromi, na wewe utaipiga msasa, vumbi ulivute. Kiini cha mninga mchwa hawakiwezi, na unyevu ukipanda na kushuka mninga haupindi ovyo. Ndiyo maana tunaufanyia milango. Hakikisha tu hupewi ile sehemu nyeupe ya pembeni, hiyo huliwa kama mti wowote. Na vaa barakoa, vumbi la mninga linawasha pua na kubana kifua kwa baadhi ya watu.

Rithimu254
Nakubaliana na fundi kuhusu MDF, nami niko Mombasa. Nilijenga moja, ikapendeza sana ilipokuwa mpya. Mvua za masika zilipopita, ukingo wa chini ukavimba kama mkate uliotiwa chai, skrubu za pembeni zikawa zinazunguka tu bila kushika. Nililia.

Lakini kwa boksi zima mimi bado ni mtu wa plaiwudi. Marshall, kampuni ya ampu za gitaa, maboksi yao ya spika 4 za miaka ya 1960 waliyaunda kwa plaiwudi ya mbetula, mti wa nchi za baridi. Tabaka zinapishana, kwa hiyo haipasuki wala haitanuki upande mmoja. Hapa kwetu unaweza kutumia ile ya marini nyeusi ya kumwagia zege, gundi yake haiogopi maji. Ila kwangua ile ngozi nyeusi kila mahali utakapogundisha, la sivyo gundi haishiki. Igonge pia kwa kifundo cha kidole kabla ya kulipa: penye uwazi ndani pana mlio tofauti, na uwazi huo utakuja kutetema kwa kelele kila ukipiga noti ya E ya chini.

FundiWaKeko
Hilo la kugonga ni kweli kabisa. Paini nayo tusiitukane, Fender, kampuni nyingine ya ampu, walijengea maboksi yao ya miaka ya 1950 mbao za paini tupu, na ubao wa mbele wakatumia plaiwudi nyembamba. Ukiichukua, ipime kwenye mizani kila wiki, ikiacha kupungua uzito ndipo uikate. Wengi hukata mbao mbichi, mwezi wa pili kona zimefumuka.

DadaBesi
Mmejadili mti, swali la mgongo mmeliruka, na masikioni mwangu hilo ndilo linalobadilisha sauti zaidi. Mgongo wazi, sauti inatoka mbele na nyuma, besi inapungua kidogo, lakini waimbaji waliosimama nyuma yako watakusikia. Mgongo uliozibwa, besi inakaza na sauti inachoma mbele kama tochi: aliye mbele yake anaumia, aliye pembeni hasikii. Kwa solo safi ya kwaya, kaka, acha wazi. Fanya mgongo kwa vipande vitatu, cha juu na cha chini vikae daima, cha katikati ukifunge kwa skrubu ili uweze kukitoa. Na usiliegemeze boksi ukutani, liache hatua moja.

Boksi la gitaa halidai ujazo wa lita kamili kama spika za muziki wa nyumbani, kwa hiyo usikose usingizi kwa sentimita mbili.

Solo_Tanga
Dada, asante sana. Basi nauliza: mninga na ubao wa mbele pia, au?

FundiWaKeko
Hapana. Ubao wa mbele fanya plaiwudi ya milimita 18. Ukitoboa tundu la sentimita 28.3 kwenye ubao mzima, nyuzi za mti zinabaki fupi pande mbili na hapo ndipo ufa unaanzia. Mninga uwe pande nne tu, ndani ya kona weka vipande vya milimita 20, gundi na skrubu. Wazimbabwe huchonga ubao wa mbira, ala yao ya vijiti vya chuma vya kupigwa kwa vidole, kwa mti huuhuu, wao wanauita mubvamaropa, kwa hiyo katika muziki si mgeni.

Rithimu254
Mimi nabaki na plaiwudi yangu, ila mninga wa bei ya udugu hata mimi ningeuchukua.

Mzee_Valvu
Kijana wangu, ampu ya valvu usiiwashe kamwe bila spika kuunganishwa, transfoma ya kutolea sauti itaungua. Waya kati ya ampu na boksi uwe wa spika, si ule wa gitaa wenye wavu wa kuzuia kelele. Ukimaliza, gusa betri ya volti 1.5 kwenye spika, chanya kwa nyekundu: kiwambo kikisogea mbele, umeunga sawasawa.

Solo_Tanga
Shikamoo mzee, nimeandika yote. Jumamosi naenda kuchagua vipande vya mninga, vyenye kiini tu. Chini nitaweka miguu ya mpira ya sentimita 3 ili sakafu isiguse mbao.

DadaBesi
Kabla hujafunika kwa reksini, paka vanishi na ndani pia, hasa kingo za plaiwudi kuzunguka tundu.