Taifa Stars: hivi namba sita wetu ni nani? Uzalendo umenishinda

Wakuu, habari za majukumu. Naandika haya kabla ya AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) ya Desemba 2025.

Nilijizuia kuandika tangu Morocco watutoe CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, Agosti 2025 pale Uwanja wa Mkapa, Dar, nikasema ngoja hasira zishuke kwanza. Hazijashuka. Kila ninapopita naona watu wanapongezana: robo fainali kwa mara ya kwanza, vijana wamepambana, tembea kifua mbele. Sawa, hongereni. Mimi nina swali moja na naomba lijibiwe na watu wanaoangalia mpira, siyo wanaoangalia matokeo: kiungo wa chini wa Stars, yaani namba sita, kazi yake ni nini?

Sitaki jina. Majina nayajua. Nataka kazi yake.

Maana ninachokiona ni hiki. Beki wetu wa kati anapewa mpira na kipa. Anainua kichwa, anatafuta mtu wa kumpa. Namba sita yuko wapi? Kajificha nyuma ya mshambuliaji wao, kanyoosha kidole anamwelekeza beki ampe mwingine. Yaani mtu wa dimba la kati anaukataa mpira kwa kidole! Beki anampa beki mwenzake, mwenzake anamrudishia kipa, presha inafika, kipa anabutua. Mpira unakwenda kwa mshambuliaji wetu, Msuva au Mzize, akiwa kazungukwa na mabeki wawili wenye vifua kama milango. Tumeshapoteza. Halafu jukwaani mtu anasimama kumtukana Mzize kwamba hajui kukaa na mpira. Mpira gani? Ule uliotoka mawinguni?

Ndiyo staili yetu hiyo, na tumeizoea mpaka tunaona ndiyo mpira wenyewe. Tunapanga wakata umeme, yaani viungo wakabaji, wawili, wakati mwingine watatu, tunasema tumejaza kiungo. Tumejaza watu wa kuzuia. Wa kuupokea mpira akiwa kalipa mgongo goli la wapinzani, akageuka, akapiga pasi ya kwenda mbele, huyo hayumo.

Sasa najua mtakuja na la Morocco. Kwamba wale ni wakubwa, wamecheza nusu fainali ya Kombe la Dunia 2022, hata wakileta wachezaji wa ligi ya ndani bado ni wakubwa. Nakubali. Kuanzia Novemba 2023 tumekutana nao mara nne: mbili za kufuzu Kombe la Dunia, moja ya AFCON kule San Pedro, Ivory Coast, na hii ya CHAN. Wametupiga 2-0, 3-0, 2-0, 1-0. Magoli manane, sisi hata la kubahatisha hatuna. Lakini haya, tuwaache Morocco.

Twende Zambia. Tarehe 21 Januari 2024, AFCON, San Pedro hapohapo. Msuva kafunga dakika ya 11. Kabla ya mapumziko Kabwe wao anakula kadi nyekundu. Una goli, una mtu wa ziada, una kipindi kizima cha pili mbele yako, na Tanzania haijawahi kushinda mechi ya AFCON tangu 1980. Timu yenye kiungo hapo inafanya nini? Inaushika mpira. Inampa mtu wa kati, anamvuta mpinzani mmoja, anaachia, unahamishwa upande wa pili, beki wa pembeni anapanda, ukibanwa unarudi nyuma, unaanza upya. Dakika ishirini tu za namna hiyo, watu kumi wanaanza kushika magoti. Wala huhitaji kufunga la pili.

Sisi tukawaachia mpira wao. Watu kumi ndio waliokuwa wanatusukuma! Tunaokoa, mpira unarudi. Tunaokoa tena, unarudi tena, kwa sababu kila anayeokoa anaokoa kwa kubutua na huko mbele hakuna wa kuutuliza. Dakika ya 88 kona, mshambuliaji wao Daka akapiga kichwa, 1-1. Nchi nzima ikamlaumu aliyemwacha Daka. Mimi nauliza kona ile ilitoka wapi. Ilitoka kwenye nusu saa ya kukataa kucheza.

Oktoba 2024 DR Congo wakaja kwa Mkapa. Mpaka dakika ya 87 ngoma 0-0, halafu Meschack Elia akatupiga mbili za chapchap. Nikasikia wachambuzi redioni: umakini, pumzi, umakini, pumzi. Jamani, pumzi inaisha kwa sababu umeukimbiza mpira wa mwenzio dakika themanini na saba. Mwenye mpira hapumui kama wewe.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba watu tunao.

Mchukueni kiungo Mudathir Yahya. Kule Yanga msimu wa 2023/24 alikuwa anafunga halafu anashangilia kwa kupiga simu, mnakumbuka. Alikuwa anafungaje? Nyuma yake alikuwepo Khalid Aucho, kiungo mkabaji wa Uganda. Aucho anabaki, anakata, anasambaza, kwa hiyo Mudathir anakuwa huru kuingia kwenye kumi na nane, boksi la wapinzani, kwa kuchelewa, beki hamwoni, anakuta mpira umelala. Akija Stars hana Aucho nyuma yake, kwa hiyo tunataka yeye ndiye awe Aucho. Abaki, akabe, afunike mashimo ya mabeki wa pembeni. Halafu tunashangaa simu haiiti.

Fei Toto vilevile. Msimu huohuo akiwa Azam kamaliza na magoli 19 ya ligi, nyuma ya Aziz Ki wa Yanga peke yake mwenye 21. Kiungo, magoli 19! Nchi nyingine mtu huyo timu ingejengwa kumzunguka. Kwetu mechi hii yuko pembeni, mechi ile kashushwa akasaidie kukaba, dakika ya 70 kachoka, anatolewa, na mitandaoni wanasema Fei wa Azam siyo Fei wa Stars. Atakuwaje yuleyule wakati anaupokea mpira mita sitini kutoka golini?

Na msiniambie haiwezekani, kwa sababu tumeshaona ikiwezekana. Septemba 2024, Yamoussoukro, Guinea wametangulia. Nani alisawazisha? Fei. Nani aliweka la ushindi mwishoni? Mudathir. Magoli yote mawili ya viungo, ugenini, na mechi ile ni sehemu kubwa ya tiketi yetu ya AFCON. Tulikuwa nyuma, tukalazimika kuwaachia viungo wapande. Yaani mpaka tufungwe ndiyo wanaruhusiwa kucheza?

Novatus Miroshi simsemi sana, maana nitalia. Kijana kacheza Ubelgiji, Ukraine, Uturuki, anajua presha ni nini na ana mguu wa kutoa pasi. Akija huku leo beki wa kushoto, kesho beki wa kati, keshokutwa kiungo. Amekuwa kiraka. Kwangu mimi ndiye mtu wa kwanza wa kujaribiwa pale chini na kuachwa palepale mechi tano mfululizo, aharibu, ajifunze, wenzake wamzoee.

Kuna wale wa hoja ya wageni kumi na wawili ambao kila klabu inaruhusiwa kusajili. Kwamba ligi imejaa wageni, kwa hiyo wazawa hawachezi kati. Kuna ukweli ndani yake, sitabisha kwa ubishi tu. Ukitazama Simba na Yanga za miaka hii, pale kati ni Aucho, Ngoma, Kanouté, Aziz Ki, Pacome, Chama, Ahoua. Mzawa akipata nafasi anapewa kazi ya kukimbia kwa niaba yao. Lakini hoja hii imekuwa kichaka. Namba sita wa Stars hahitaji kuwa Ndidi wa Nigeria. Anahitaji kuambiwa mazoezini kwamba mpira ukifika kwa beki ashuke, ajioneshe, aupokee, na akipoteza asizomewe na benchi lake mwenyewe. Hilo halisubiri kanuni ya ligi. Linasubiri ujasiri wa benchi la ufundi tu.

Na mashabiki nasi tuna kesi ya kujibu. Kwa Mkapa beki akipasiana na kiungo mara tatu, uwanja unaanza kuguna. Mara ya nne mtu anapaza sauti "mbeleee!" Kijana wa miaka 22 akisikia uwanja mzima unaguna, unadhani atageuka na mpira? Anabutua, tunapiga makofi.

Desemba hiyo inakuja. Kundi letu ni Nigeria, Tunisia na Uganda. Nigeria wana Ndidi na Iwobi pale kati. Tunisia wana Skhiri. Uganda wana Aucho, huyohuyo mliyemshangilia misimu yote hapa Dar, atakuja kutuonesha kwa jezi nyingine kazi ambayo hatujampa mtu wetu. Mechi tisa za AFCON tangu 1980, sare tatu, ushindi hakuna, na mimi bado sijasikia mtu yeyote wa benchi akieleza mpira utatokaje kwa beki kwenda kwa Fei.

Kwa hiyo kabla hamjaanza kuniita mchawi, wekeni hapa viungo wenu watatu wa mechi ya Nigeria. Majina na kazi ya kila mmoja: nani anabaki, nani anapanda, nani anapokea kwa beki. Atakayeandika "wote wakabe halafu tutegemee kaunta" nitamjibu, ila sitamjibu kwa adabu.