Mwanafunzi anayenidharau darasani Masaka

Swali (mwalimu kutoka Tanga)
Walimu wenzangu, nawasalimu kwa heshima. Mimi ni Mtanzania, nafundisha Kiswahili katika shule ya bweni karibu na Masaka, Uganda. Katika kidato cha pili yupo kijana mwerevu ambaye kila ninapomwuliza swali hujibu kwa Kiganda maneno nisiyoyaelewa, darasa likaangua kicheko, na juzi alitamka waziwazi kwamba hawezi kujifunza lugha ya askari na wezi. Kwetu kanuni bado zinamruhusu mkuu wa shule kutoa adhabu ya viboko, na hapa pia wapo wanaonishauri nimchape yaishe. Sitaki kumchapa, lakini sitaki pia darasa lizoee kwamba mgeni hastahili heshima. Nifanyeje?

Jibu la kwanza (mwalimu mstaafu, Mbarara)
Mwanangu, umefanya vyema kuikataa fimbo. Sheria ya Watoto ya Uganda, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inakataza viboko shuleni, na hao wanaokushauri hawatasimama nawe mbele ya polisi. Zito zaidi ni hilo neno la askari, maana kijana hakulibuni yeye. Wazee wengi wa Buganda walikisikia Kiswahili kwenye vizuizi vya barabarani enzi za Idi Amin, kikitoka vinywani mwa watu wenye bunduki, na Amin huyohuyo ndiye aliyeamuru mwaka 1973 kiwe lugha ya taifa. Chuki hiyo ina historia, nayo hujibiwa kwa historia. Dharau kwa mwalimu haina udhuru wowote. Tenga kipindi kizima, wanafunzi waeleze waliyosimuliwa na babu na bibi zao, nawe usikilize bila kujitetea. Utovu wa adabu uuzungumze naye faraghani, ukimtajia alichokitenda, bila kumwita mtoto mbaya.

Jibu la pili (mwalimu wa kike, Kampala)
Shikamoo, Mzee. Nakubaliana nawe, ila mpangilio ningeugeuza: mazungumzo ya faragha yatangulie, kwa sababu kijana akiona kipindi kizima kimetengwa kutokana na maneno yake, ataamini kwamba kejeli ndiyo iliyomshindia. Dada yangu, mwombe pia mwalimu mwenyeji unayemwamini akutafsirie anayoyasema, kwani huwezi kulishughulikia jambo usilolijua, na huenda mengine ni utani mtupu. Mimi ni Mganda. Kwetu watoto hufundishwa kupiga magoti wanapowasalimu wakubwa, na sidhani kwamba angethubutu kusema hivyo mbele ya mama yake. Kwa hiyo mzazi aitwe, lakini aitwe na mwalimu wa darasa, na mazungumzo yafanyike kwa Kiganda, ili asiuone wito huo kuwa malalamiko ya mgeni.

Mwuliza swali
Nawashukuru sana, Mzee na Dada. Nitaanza na faragha. Je, mwalimu wa darasa akisita kumwita mzazi?

Jibu la pili
Andika kila tukio, tarehe yake na maneno yaliyosemwa, kisha umpelekee naibu mkuu wa shule kwa maandishi. Tangu Julai 2022 baraza la mawaziri liliposhauri Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, uongozi hauwezi kulichukulia somo lako kama jambo la pembeni, na una haki ya kuwakumbusha hivyo kwa upole.